Mzee anauza nyumba, kafiwa na mkewe, kila siku anabadilika: nimvumilie au nijitoe?

Funguo_Mpya:

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naombeni ushauri hasa kwa wale mliowahi kununua nyumba kwa mtu aliyefiwa, maana nimefika mahali sielewi nisonge mbele au nirudi nyuma.

Nyumba tumeipenda mimi na wife, hilo halina ubishi. Muuzaji ni mzee mstaafu, mkewe kafariki si muda mrefu, watoto wanajitegemea na wako mbali, yeye anasema nyumba kubwa vile hawezi kuishi peke yake. Mpaka hapo sawa. Shida ni kwenye kuelewana naye sasa. Bei tulikubaliana kwa mdomo tukapeana mikono kabisa, baadae kanipigia simu kapandisha, sababu eti "marehemu asingekubali kuuza kwa hela hiyo". Tukaenda tukakaa tukaongea akarudi kwenye bei ya mwanzo, haijakaa sawa kapandisha tena. Tarehe ya kuhama hataji, ukimuuliza anasema tutaona.

Kilichonichanganya zaidi ni siku ya ukaguzi. Fundi kapita paa, mabomba, kuta, mzee yuko nasi anaelekeza vizuri tu anapiga na stori. Tumefika kwenye boksi la swichi za umeme ukutani, ndani ya kifuniko kuna vikaratasi vimebandikwa, kila swichi na jina lake kwa peni ya bluu, jiko, stoo, taa ya nje, chumba cha wageni, kumbe ni mwandiko wa marehemu. Fundi kashika bisibisi anataka afungue lile kava, mzee kaja juu mpaka mikono inatetemeka, "hapo msiguse!", akatutoa nje wote. Kesho yake kapiga simu mwenyewe kwa upole kabisa anauliza tunakuja lini kumalizia.

Alafu kuna maua. Mbele ya nyumba kuna mawaridi alipanda mkewe, anataka tumuahidi hatutayang'oa. Wife yeye hapo hapo ndo alishapiga hesabu pawe parking.

Dalali wangu ananiambia nimkandamize bei, mzee amechoka, ukimpa presha kidogo anaachia. Roho inasita asee. Ila na mimi nina mkopo benki umeshapitishwa, barua yake ina tarehe ya mwisho.

Je ana haki ya kupandisha bei baada ya kukubaliana? Na ukaguzi naumaliziaje bila kumtonesha? Nawasilisha.

Kigingi:

Achana naye mkuu. Nyumba ziko nyingi, stresi hizo za nini.

Kigingi:

Ila huyo dalali wako nae muangalie.

MzeeWaMakaratasi:

Mleta mada, umeeleza maua, umeeleza swichi, umeeleza hadi peni ilikuwa ya bluu, lakini hujasema kitu kimoja ambacho ndo cha kwanza kabisa: hati ina jina la nani? Mimi makaratasi ya nyumba ndo kazi yangu ya kila siku na nakwambia hii habari ya hasira za mzee inaweza isiwe tatizo lako kubwa hata kidogo.

Kama hati ina jina la mzee peke yake ni nafuu, japo ziko nchi nyingi ambapo nyumba waliyoishi mume na mke huwezi kuichukulia ni ya mmoja tu hata kama jina ni moja. Kama ni majina mawili hapo uulize waliandikishwaje. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa yote yanabaki kwa aliye hai, hapo mara nyingi inatakiwa cheti cha kifo jina la marehemu litolewe kwenye daftari la ardhi ndipo auze. Na kuna umiliki wa mafungu, kila mtu na sehemu yake, hapo fungu la mama halijaenda kwa mzee lenyewe, linaingia kwenye mirathi, na wa kuliuza ni msimamizi wa mirathi mwenye karatasi ya mahakama au mamlaka inayohusika huko kwenu. Mzee anaweza kuwa mkweli wa roho kabisa na bado akawa anakuuzia kitu ambacho nusu yake si chake.

Kuhusu bei. Kupeana mikono kwenye nyumba hakufungi mtu sehemu nyingi duniani. Uingereza walitunga sheria mwaka 1677 kwamba mauziano ya ardhi yawe kwa maandishi yenye saini, maana watu walikuwa wanaenda mahakamani wanaapa uongo kwamba fulani aliniuzia kwa mdomo, na nchi nyingi zilizofuata sheria zao zikaibeba hiyo kanuni. Hata leo hapo England muuzaji anaweza kubadili bei mpaka siku pande mbili zinapobadilishana mikataba iliyosainiwa, inawaudhi watu sana lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo jibu ni ndio, kama hakuna kilichosainiwa anaweza kupandisha, na wewe unaweza kuondoka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tafadhali arbuni usimpe mzee mkononi wala dalali. Ikae kwenye akaunti ya wakili, na iandikwe inarudi kama mirathi itakwama.

Funguo_Mpya:

Asante mzee wangu. Nimecheki nakala aliyonipa, ni majina mawili, yake na ya marehemu. Watoto ni wawili, wa kike na wa kiume, wa kiume yuko nje ya nchi. Nilimgusia mzee habari za mirathi akasema "nyumba nimejenga mimi, watoto wanahusikaje", tukaishia hapo maana sauti ilishapanda.

MzeeWaMakaratasi:

Ndo hapo sasa. Usilipe hata senti mpaka wakili wako (wako, sio wa kwake, na sio mmoja mnaemchangia) apekue daftari la ardhi aone aina ya umiliki na kama kuna deni la benki juu ya hiyo nyumba. Na swali la mirathi usimuulize wewe. Wakili amuandikie wakili wake. Ukiuliza wewe anasikia unamwambia mkeo amekufa na mali si yako, likija kwa barua ya wakili ni utaratibu tu kama barua nyingine.

Dada_Kitinda:

Mimi nilikuwa upande wa pili, niliuza nyumba ya mama baada ya kumzika, na nadhani yule mnunuzi alienda kuandika mahali kama ulivyoandika wewe hapa 😅

Ngoja nikwambie kilichokuwa kinatokea kichwani. Bei sikuwa na ugomvi nayo kabisa. Ila walikuja mtu na mkewe, wakasimama chumba alichokuwa analala mama, huyu kashika futi kamba huyu anasema huu ukuta tutaubomoa, hapa panatisha giza, hii sakafu yote ing'olewe, na mimi nimesimama pale pale mlangoni kama sipo. Jioni nikampigia wakili nikamwambia bei imeongezeka. Aliniuliza kwanini nikamjibu tu nimefikiria upya, ningemwambia nini, kwamba wamesema chumba cha mama kinatisha giza? Bei ndo ilikuwa kitu pekee ambacho bado niko na usemi nacho, vingine vyote viliamuliwa na kifo.

Mzee wako akisema marehemu asingekubali hiyo hela, usikimbilie kumwonyesha bei za nyumba za jirani. Muulize tu, mama alikuwa anaisemaje hii nyumba? Alafu nyamaza usikilize. Simaanishi iwe mbinu ya kumlainisha, sisi tuliofiwa tunazijua hizo mbinu vizuri tu, kila mtu anakuja na sauti ya pole siku anayotaka kitu. Uliza kama unataka kweli kujua, kama hutaki usiulize, ongea mambo ya mabomba basi.

Na mambo ya parking msiyaongelee mkiwa ndani ya ule uzio. Subirini mpande gari.

Funguo_Mpya:

Dada umenigusa. Nakumbuka ile mara ya pili alipopandisha bei ni baada ya wife kwenda na mdogo wake kupima madirisha ya mapazia mapya. Sikuwahi kuunganisha haya mambo.

Tulivu:

Habari. Kazi yangu ni kukaa na watu waliofiwa, kwa hiyo niongezee kidogo, hasa hapo kwenye "leo mkali kesho mpole" maana naona ndo panakusumbua.

Watu wengi wana ile picha ya hatua tano, kukataa, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali, wanategemea mtu apande ngazi moja moja alafu amalize. Zile alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 na alizipata kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, wafiwa walikuja kuwekewa baadae. Mimi kinachonisaidia zaidi kazini ni maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, 1999, wao wanasema mfiwa anabembea, kuna muda yuko kwenye msiba wenyewe, anamkumbuka mtu, analia, anashika vitu vyake, na kuna muda yuko kwenye maisha ya mbele, bili, makaratasi, kujifunza kazi ambazo mwenzake ndo alikuwa anafanya. Anaenda na kurudi, hata ndani ya siku moja. Na hiyo kwenda na kurudi ni afya, haina maana ana matatizo ya akili wala anakuchezea.

Sasa angalia, kuuza nyumba ni kazi ya upande wa pili, upande wa maisha ya mbele, lakini inafanyika ndani ya nyumba ambayo kila kona inamrudisha upande wa kwanza. Alikuwa anaelekeza fundi vizuri mpaka pale kwenye mwandiko. Yule aliyewafukuza na yule aliyewapigia kesho yake ni mzee mmoja, hamna unafiki hapo.

Kwa vitendo: maamuzi ya hela na tarehe yafanyikieni nje ya hiyo nyumba, ofisini kwa wakili au popote penye meza. Muulize saa ngapi inamfaa, wafiwa wengi jioni ni nzito. Mnachokubaliana umtumie kwa maandishi mafupi siku hiyo hiyo, na umwambie alale nacho kwanza ndipo ajibu, usimbane jibu papo hapo. Na kama kuna mtu anamwamini, yule binti kwa mfano, aombwe na mzee mwenyewe awepo. Ukimtafuta wewe kwa siri utakuwa umeharibu kabisa.

Kuhusu ushauri wa dalali, sitasema mengi. Mtu aliyechoka na msiba akisaini kwa presha, watoto wakija kuuliza baba ilikuwaje, hiyo ni kesi inayoweza kukufuata. Kuna mahakama zinavunja mkataba zikiona mmoja alitumia udhaifu wa mwenzake.

KikombeTupu:

Naomba niingize neno la kiuchumi kidogo kwenye bei. Mwaka 1990 Kahneman, Knetsch na Thaler walitoa majibu ya majaribio yao, waligawa vikombe vya kawaida kwa nusu ya wanafunzi darasani wakawaambia wauziane na wale waliokosa. Waliopewa walitaka kama mara mbili ya hela ambayo wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Kikombe amekaa nacho dakika chache hicho! Sasa mtu kaishi na mkewe kwenye nyumba miaka yote hiyo unategemea aione bei kama unavyoiona wewe?

Kwa hiyo mwenye kutaja namba asiwe wewe, awe mthamini. Mchague pamoja, gharama mgawane, na mkubaliane KABLA hajaja kwamba atakachosema ndo mtaanzia hapo. Akipandisha tena unamrudisha kwenye ripoti, hamrudi kwenye marehemu angesemaje, maana hapo kwa marehemu huwezi kushinda na wala hutakiwi kushinda.

Msumari wa Moto:

Mimi nitatofautiana na wengine, msinichukie. Huzuni sawa, ila wapo watu walikuwa wagumu kabla ya msiba na watakuwa wagumu baada ya msiba. Wewe hujui huyu ni yupi. Kwa hiyo mhurumie kwenye maneno, kwenye mkataba usimhurumie hata kidogo. Tena mkataba mkali unamsaidia yeye zaidi, hawi na kitu cha kuamua upya kila asubuhi.

Hili la "tutaona" kwenye kuhama ndo lingeninyima mimi usingizi kuliko hata bei. Umelipa yote, hati imebadilishwa, mzee bado yuko ndani hajui pa kwenda, utamtoa na nani? Na nani ana roho ya kumtoa? Kama anahitaji muda mpe muda kabla ya kukamilisha, msogeze tarehe hata miezi, mradi iandikwe. Kama lazima abaki baada ya malipo basi iwe karatasi fupi ya ruhusa ya kukaa mpaka tarehe fulani, wakili aiandike kwa uangalifu isije ikageuka upangaji, kuna nchi mpangaji ukishamkubali kumtoa ni shughuli pevu. Sehemu ya hela ibaki kwa wakili mpaka funguo zikabidhiwe nyumba ikiwa tupu. Na bima, msisahau bima, nyumba ikiungua kati ya kusaini na kukabidhi hasara ni ya nani inategemea na mlivyoandika na sheria ya huko.

Mawaridi: usiahidi. Basi. Usiahidi kitu ambacho mkeo ameshakipigia hesabu. Na usikubali kiingie kwenye mkataba hivi hivi, masharti ya ardhi mengine yanang'ang'ania na utakuja kuuza nyumba na sharti la maua juu yake.

Dada_Kitinda:

Msumari nakubaliana na wewe kwenye yote (nimeshangaa mwenyewe). Ila mawaridi yanahamishika. Kuna mtu anayejua bustani hapa? Ninavyojua unaweza kukata vijiti ukaotesha, akaenda na vyake anakohamia, na vingine binti akapanda kwake. Mwambie ukweli kwamba hapo mbele mtabadilisha, alafu mwambie achukue anachotaka kabla. Mimi ningeambiwa hivyo ningelia siku hiyo lakini ningesaini.

Tulivu:

Na kuhusu boksi la swichi, kava lile ni kipande tu, fundi anaweza kuweka jingine. Kisheria vitu vilivyofungwa kwenye nyumba kwa kawaida vinakwenda na nyumba mpaka iandikwe tofauti, kwa hiyo mwambie vyote anavyotaka kuondoka navyo viandikwe kwenye orodha, hilo kava likiwemo. Usishangae orodha ikiwa na vitu vya ajabu, komeo, ndoano ya mlangoni. Mruhusu. Ila ukaguzi wa umeme usiuache, ni usalama wa familia yako. Mwambie mapema kwamba fundi atafungua, na kwamba yeye ndiye atakayelitoa kava kwa mkono wake kabla fundi hajaingia.

Funguo_Mpya:

Wakuu nimerudi na mrejesho. Dalali nimemwambia akae pembeni kwanza, hajafurahi. Wakili kapekua, umiliki ni wa mafungu, kwa hiyo MzeeWaMakaratasi ulikuwa sahihi, fungu la mama lazima lipite mirathi. Barua ilienda kwa wakili wa mzee na nilijiandaa kwa matusi, badala yake binti ndo kanipigia, kumbe mzee mwenyewe kampa namba yangu. Ananiambia baba alikuwa anazunguka zunguka kwenye bei kwa sababu hajui mirathi inaanzia wapi na anaona aibu kuuliza, makaratasi yote ya nyumba alikuwa anashughulika nayo mama. Yaani kila tukikaribia kusaini anatafuta sababu.

Binti na kaka yake wako tayari kumkubali baba awe msimamizi. Mthamini tumekubaliana. Ukaguzi mzee kasema atafungua mwenyewe, ila kava hajasema analichukua au analiacha, tumeliweka kwenye orodha kwa penseli. Mawaridi nilimwambia ukweli, alininunia, mpaka sasa hajanijibu.

Kilichobaki ni benki. Wakili anasema mirathi haitaisha kabla barua ya mkopo haijafika mwisho. Nifanyeje, niombe waniongezee au niache iishe niombe upya?

MzeeWaMakaratasi:

Omba nyongeza sasa hivi, kwa maandishi, kabla haijaisha, uambatanishe barua ya wakili inayosema kinachosubiriwa ni mirathi. Ukiacha iishe unaanza upya, kipato kinapimwa upya na riba inakuwa ya siku hiyo. Wakikataa kuongeza waulize kama wanakubali nyaraka zako za zamani bila kurudia kila kitu. Na usisaini mkataba wenye tarehe ya kukamilisha ambayo benki haijaithibitisha, hata binti akikubembeleza vipi.

Kigingi:

Mi bado nasema nyumba ziko nyingi. Ila kila la heri mkuu, huyo mzee usimletee tena yule dalali.